Nafasi ya Baba Dorika

Haya yalimkuta rafiki yangu Gasper, miaka ile wanunuzi binafsi wa korosho walipofurika Masasi. Kazi yake ilikuwa kuingiza majina ya wakulima, na tarehe ya kufa kwa waliofariki, kwenye kompyuta ya tajiri mmoja.

Mama Dorika wa Chiwata alikuwa amemwonya: "Mume wangu alivuka Ruvuma, hakurudi. Sijui yu hai au amekufa, ndiyo maana hatujamwekea matanga. Hapo pa tarehe ya kufa paache wazi, mwanangu."

Gasper akapaacha wazi. Lakini alipoiuliza mashine waliokwisha kufa kabla ya leo, Baba Dorika hayumo. Alipouliza wasiokufa kabla ya leo, hayumo vilevile.

"Mtu gani huyu hana upande!" akafoka. Mchana kweupe, akaandika tarehe ya siku hiyo.

Kila alipobonyeza kitufe, katika ghala la korosho lililopakana na chumba chake kulisikika pigo la panga, pwa! kama linapasua gogo bichi. Kisha mtu akakoroma kama anayekata roho. Gasper alikimbia kufungua mlango, akakuta magunia tu.

Kesho yake Mama Dorika alikuja, kichwa kimenyolewa.

"Jana alirudi, mwanangu. Pale pale mlangoni kwetu akakatwakatwa tukimwangalia, na mwenye panga hatukumwona. Tumemzika asubuhi hii."

Gasper akaifuta ile tarehe. Nafasi ikabaki wazi kama mwanzo.

Ghalani, nyuma ya magunia, udongo ulianza kudondoka, po, po, po. Halafu koo lililopasuliwa likaita:

"Hodi, Mama Dorika."