Siku Tuukka Alipokubali

Tuukka alipokubali kwamba ameshindwa, Jalo alicheka mpaka kahawa ikampalia. Helka hakucheka. Aliweka kikombe chini taratibu, akamtazama mchumba wake kama mtu anayemkuta mgeni kavaa nguo za nyumbani kwake.

Hapa lazima unielewe, usiponielewa hapa hutanielewa mbele. Tuukka hakubali. Tuukka aliwahi kubishana na daktari wa meno huku mdomo umejaa vyuma. Na ukimgusa Ilpo Ravander, yule mtengeneza filamu wake, ndiyo umechokoza nyuki. Nusu ya Ufini wanasema Ravander ni fundi, nusu wanasema ni tapeli anayekukalisha saa mbili kisha anapindua meza dakika za mwisho na kukuacha unatafuta koti lako kwa hasira. Tuukka yuko upande wa fundi. Amekaa huko miaka, hatoki.

Siku hiyo ilikuwa ya juhannus, sikukuu ya katikati ya kiangazi, na wao watatu walikuwa kwenye kibanda cha mbao cha shangazi yake Helka, kando ya ziwa, kaskazini kabisa. Huko jua la kiangazi halizami. Ukitaka giza ulitengeneze mwenyewe. Walipigilia mablanketi madirishani, wakawasha projekta, wakatazama *Kijiji Kikavu*, filamu mpya ya Ravander. Polisi anamtafuta mtu anayetoboa matundu kwenye barafu ya ziwa. Saa mbili anatafuta. Mwisho unaambiwa kijiji chote kiko chini ya maji, wameshazama zamani, na matundu yanatobolewa na ndugu zao walio juu wanaowatafuta.

Jalo, rafiki yake Tuukka tangu shule, alirusha mto ukutani.

"Huyu jamaa katuona mafala!"

"Wewe ndiye hukutazama," Tuukka alisema. "Filamu nzima, umeona mtu hata mmoja anakunywa maji?"

"Na soseji je? Walichoma soseji, bwana! Chini ya ziwa! Kwa moto gani, wa gesi ya samaki?"

Wakaubeba ubishi wao mpaka sauna, kile chumba cha mbao cha kuogea mvuke.

Sasa sauna ina adabu zake, na Mfini hafundishwi, anazaliwa nazo. Humo hugombani. Humo hutukani. Na ukishamaliza kuoga, mvuke wa mwisho si wako. Unamwaga maji kwenye mawe ya moto, unatoka, unafunga mlango, unamwachia mwenye sauna aoge. Huyo mwenye sauna hana jina la kanisani. Sisi tungemwita jini, tukamaliza.

Wale wawili waligombana humo mpaka Helka akatoka ameziba masikio. Jalo akamfuata akilaani. Tuukka akabaki juu ya benchi, kata mkononi.

"Sitoki mpaka ukubali mwisho ule ulikuwa wa haki!"

"Basi oza humo!"

Walisikia anamwaga maji ya mwisho kwenye mawe, pssshhh, na anaguna kwa raha. Mvuke ule aliuoga yeye.

Haukupita muda akatoka amevaa taulo, akakaa nao mezani barazani, akasema kwa upole, "Mlikuwa sahihi. Mwisho ule ni upuuzi."

Ndipo Jalo akapaliwa.

"Rudia! Helka, rekodi hii! Rudia, mzee!"

"Ni upuuzi," Tuukka akarudia, akatabasamu.

Helka aliangalia taulo. Lilikuwa kavu. Mtu ametoka kwenye mvuke, halafu hana hata tone la jasho shingoni. Na alikuwa na harufu, si ya sabuni wala ya mtu, ila ya masizi ya zamani, ya majani ya mbetula, mti wa huko, yaliyolowa yakaungua, kama ukutani mwa sauna ambayo imewashwa moto tangu enzi za babu. Tuukka akachukua birika la kahawa likiwa bado linatokota, akalitia mdomoni, akanywa.

"We! Utaungua!" Helka alipiga kelele.

"Ni kweli," alisema. "Nitaungua." Akaendelea kunywa.

Jalo akaacha kucheka, lakini si kwa woga. Kwa shaka. Wapenzi wa filamu hizi ndivyo walivyo, ukiwaonyesha kaburi wanatafuta kamera imefichwa wapi.

"Aa, nimeshaelewa," alisema, akimnyooshea Helka kidole. "Mmepanga nyie wawili. Birika lina maji baridi. Mnanifanyia mwisho wa Ravander mimi."

"Jalo, sijapanga kitu."

"Ndivyo angesema aliyepanga."

"Lishike basi birika."

Alilishika. Akaliachia huku akipuliza vidole. Sasa wote wawili wakamgeukia Tuukka, naye akawatazama kwa zamu, mpole, kama mtu anayesubiri aambiwe aseme nini.

Helka alivuta pumzi. "Tuukka. Ravander ni tapeli, au siyo?"

"Tapeli."

"Mimi naona ni fundi."

"Fundi," alisema kwa sauti ileile, kwa tabasamu lilelile.

"Kwani anaitwa Ravander, au Mäkelä?"

"Mäkelä."

Hapo ndipo waliposikia. Kutoka kwenye sauna, hatua chache chini ya baraza, kwenye mlango waliouona ukifungwa na mtu aliyekaa nao mezani: pssshhh. Mtu kamwaga maji kwenye mawe.

Hakuna aliyejongea. Ziwa lilikuwa limelala kama kioo, jua limekaa pembeni mwa anga linang'aa kama mchana, hakuna kivuli cha kujifichia wala giza la kulisingizia. Na ndani ya sauna ile, kwa mbali, kama sauti inayopita kwenye blanketi zito lililoloweshwa, mtu alikuwa anaongea bila kupumzika, akipandisha, akishusha, akigonga benchi kwa ngumi kila anapofika penye hoja, na Helka akaitambua ngumi ile kabla hajayatambua maneno, maana ngumi ile imegonga meza yake ya jikoni kila Jumapili kwa miaka mitatu.

"...hakuna anayekunywa maji! Tazama tena! Filamu nzima!"

"Hicho ni kinasa sauti," Jalo alinong'ona. "Sema ni kinasa sauti, Helka."

Helka alishakuwa mlangoni. Mlango wa sauna hauna komeo, hakuna sauna yenye komeo. Aliuvuta, haukuja. Jalo akauvuta naye, akaweka mguu ukutani, wakavuta wote wawili mpaka mbao zikalia, na mlango ule usio na komeo ukakaa kama umeota kwenye ukuta, huku mpini ukizidi kuwa wa moto mpaka wakauachia, na nyuma yao yule wa barazani akawa amesimama, anawatazama kama mwenye nyumba anavyowatazama watu wanaohangaika na mlango wake.

Helka akampigia simu shangazi yake, Lempi, aliye ng'ambo ya ziwa. Huko nyuma ya simu kulikuwa na akodiani na watu wamelewa.

"Shangazi, Tuukka yuko ndani ya sauna. Na yuko nje pia."

Akodiani ikasikika ikienda mbali. Shangazi kahamia chumba kingine.

"Mvuke wa mwisho mlimwachia mwenyewe?"

Helka aliutazama mlango wa sauna.

"Nakuuliza wewe."

"Hatukumwachia, shangazi. Aliuoga Tuukka."

"Na humo ndani mliongea kwa adabu?"

"Walikuwa wanabishana. Ni filamu ya Ravander."

"Yule mpuuzi," alisema shangazi Lempi. "Sikiliza. Mmechukua mvuke wake, naye kachukua mtu wenu. Mawe yakipoa imekwisha. Aliyemo ndani atakuwa wa ndani, na huyo mwingine mtalala naye. Nakuja."

Na tanuri la kuni liko humohumo ndani. Hakuna wa kuongeza hata kijiti, aliye ndani anabishana tu.

Alikuja na boti ya injini, viatu vya mpira, rola za nywele kichwani, amekasirika. Hakumsalimu yule wa barazani, alimpita kama unavyompita mbwa usiyemjua. Akaweka kiganja kwenye ukuta wa sauna.

"Yanapoa," alisema. "Nani aligombana na Tuukka humu?"

"Mimi," alisema Jalo.

"Basi ni wewe. Piga magoti. Yamalize ugomvi ulioanzisha, na yamalize kwa ukweli. Ukuta huu umesikia waongo kuanzia babu yangu."

Jalo alipiga magoti kwenye nyasi, akaegemeza paji la uso kwenye mbao. Ndani, ile sauti ilikuwa imeshuka. Ngumi ilikuwa inagonga polepole, mara moja, kisha kimya kirefu, kisha tena.

"Tuukka, kaka. Ravander ni fundi. Umeshinda."

Hakuna kilichotokea.

"Umedanganya," alisema shangazi.

"Nimesema anachotaka!"

"Anayesema unachotaka tunaye mmoja tayari, kakaa barazani. Sema ukweli."

Helka alimshika bega. "Jalo, tafadhali. Nitaishi na nani mimi?"

Jalo akafumba macho. Na jamaa huyu ambaye hujawahi kumsikia akisema neno bila kutia mzaha akaanza kuongea na ubao, mdomo karibu ugusane nao, akisema kwamba si Ravander anayemchukia, hajawahi kumchukia, ila kila filamu tangu walipokuwa wavulana wanakaa pamoja, na kila mara katikati ya filamu Tuukka anatabasamu gizani, anatabasamu kwa sababu ameshauona mwisho, na yeye Jalo hajauona, hajawahi kuuona hata mmoja, anakaa pale akisubiri kudanganywa kama mtoto, na kuliko rafiki yake ajue kwamba yeye ni mzito wa kichwa ni bora aseme filamu ni mbovu, na leo chini ya ziwa kule, lilipotobolewa tundu na mkono wa ndugu ukaingia majini kuwatafuta, alilia, na alirusha mto ukutani ili watazame mto, wasimwone.

Kisha ndani ukatoka mlio kama wa mtu anayeshusha pumzi ndefu, na mlango ukaachia, upana wa kidole.

Yule wa barazani alishuka ngazi. Hakuharakisha. Alipopita karibu na Helka, joto lake lilimkausha midomo. Akaufungua mlango kwa mkono mmoja, akaingia kwenye ukungu, na kwa kitambo mle ndani vikaonekana vivuli viwili vya urefu mmoja, vimesimama uso kwa uso. Shangazi Lempi akasogeza ndoo na kata ndani kwa ncha ya kiatu, akainamisha kichwa.

"Oga, mwenyewe. Samahani."

Mtu mmoja akatoka akiyumba, akaanguka kwenye nyasi. Mlango ukajifunga nyuma yake. Ndani maji yakamwagwa juu ya mawe, na mtu akaguna kwa raha.

Helka alikuwa ameshamkumbatia. Huyo aliyetoka alikuwa amelowa, mwekundu kama kamba aliyechemshwa, midomo imepasuka.

"Jalo," alikoroma. "Zile soseji. Walizichoma kabla ya mafuriko. Ni kumbukumbu ile! Tazama rangi ya picha!"

"Rangi gani wewe!" Jalo alikuwa analia wazi sasa, anacheka, anamkung'uta mgongoni. "Rangi gani, mjinga wewe!"

Walifunga virago papo hapo. Hakuna aliyetaka kulala pale, likizo au si likizo. Tuukka alibishana kuhusu njia fupi, akabishana kuhusu nani akae mbele, na Helka kila alipomsikia alihisi kifua kinamfunguka.

Kabla ya kuingia garini, Tuukka alimwendea shangazi Lempi, akamnyooshea mkono. "Asante, shangazi. Umeniokoa."

Shangazi Lempi aliutazama mkono ule. Kisha akaingiza yake yote miwili mifukoni mwa koti.

"Nimeshika injini," alisema. "Mikono ina mafuta."

Helka alikuwa amesimama karibu. Mikono ya shangazi yake ilikuwa safi, aliiona kabla haijaingia mifukoni. Akamtazama usoni, na shangazi akatazama ziwa. Helka akakumbuka vile vivuli viwili vya urefu mmoja, na kwamba alitoka mmoja tu.

Tuukka akafungua mlango wa gari. "Helka! Twende. Unasubiri nini?"

Helka alisimama pale mpaka alipoitwa tena. Kisha akaingia, akafunga mkanda, akaweka mikono yake mapajani, mbali na ya Tuukka.