Jibu la Sekunde Nne

Utando-sikizi ulikuwa na nyuzi elfu tisini, kila uzi mwembamba kuliko unywele, zimetandazwa angani mbali kupita mwezi. Neno la Mpitaji lilipoufikia, nyuzi zote zilitetemeka kwa pamoja. Mtetemo huo ulishushwa hadi Kituo cha Kitulo, kwenye nyanda za baridi za Makete, na huko mtambo ulioitwa Mjibizi uliugeuza kuwa Kiswahili. Kazi hiyo ilichukua sekunde moja. Kujibu kulichukua tatu zaidi.

Mara nne Mpitaji alikuwa ameuliza, "Mna hali gani?"

Mara nne Mjibizi alikuwa amejibu, "Nzuri."

Hakuna aliyewahi kumwona huyo Mpitaji. Vipimo vilionyesha chombo kikubwa kama mlima, kinachokuja kutoka nje ya sayari zote kikiwa kimetanguliza moto wake mbele, kama dereva anayeshuka mlima mrefu huku amekanyaga breki. Moto wenyewe haukuonekana kwa macho. Ulikuwa mionzi, na mahesabu ya mwaka uliopita yalisema kwamba kwa umbali ule haungemdhuru mtu yeyote.

Kamati ya nchi ishirini na tatu ilipaswa kuidhinisha kila neno litakalotumwa kwa Mpitaji, na kila kikao kilichukua siku kumi na nne. Ni salamu tu zilizoachwa huru. Aliyependekeza hivyo alikuwa Dokta Tusekile Mwakalobo, mtaalamu wa lugha pale kituoni, mwanamke wa miaka thelathini na moja ambaye sauti yake haikuwahi kufika mwisho wa chumba. Siku hiyo alizungumza mbele ya Kamati. "Mtu akikusalimu ukakaa kimya wiki mbili," alisema, "atakuelewaje?" Wajumbe walicheka, wakapiga makofi. Basi salamu akaachiwa Mjibizi, ambaye alikuwa amejifunza kuzungumza kwa kusikiliza simu za watu wa kawaida, kuanzia Sumbawanga hadi Lamu.

Siku ambayo swali la tano lilitarajiwa, Tusekile alipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa Lugano, mdogo wake wa kiume. Lugano alikuwa akichimba barafu huko Seresi, kijisayari kilicho kati ya Mirihi na Mshtarii, pamoja na watu wengine mia mbili na kumi na mmoja. Sauti ilichukua dakika ishirini na tano kufika, kwa hiyo Lugano alizoea kuzungumza pande zote mbili mwenyewe.

"Shikamoo dada. Najua umesema marahaba, naendelea. Huku nzuri kabisa. Kazi nzuri. Chakula kizuri, sema mpishi wetu anadhani chumvi ni dawa ya malaria. Na wewe, bado unamkimbia yule jamaa wa maabara? Usijibu. Nakuona unavyoinamisha kichwa."

Tusekile alikuwa ameinamisha kichwa kweli. Lugano akacheka, akakohoa, akaendelea na habari za mechi waliyocheza ghalani. Baada ya dakika tano, kwa sauti ileile ya furaha, akasema:

"Ila kuna watu kumi na wanne wamelala tangu Jumanne, hawaamki. Daktari anasema ni hewa, wamebadilisha vichujio. Mimi ni macho tu yanauma kidogo. Usimwambie mama."

Tusekile aliusikiliza ujumbe mara mbili. Mara ya pili alitazama saa. Dakika tano nzima za uzima kabla ya ile "ila". Hakumlaumu. Baba yao alipofariki, yeye mwenyewe alisimama mlangoni akawajibu wageni wote "nzuri", mmoja baada ya mwingine, na walioketi naye ndio waliosikia yaliyobaki. Kila mtu anajua kusubiri ile "ila".

Kisha akafikiria nani huko angani anajua kusubiri.

Akafungua kumbukumbu za utando. Aliweka tarehe za yale majibu manne kando ya kipimo cha moto wa Mpitaji. Kila mara, punde baada ya "nzuri" kumfikia, moto uliongezeka maradufu. Anauliza, anajibiwa, anaongeza. Sasa ulikuwa mara kumi na sita ya ule uliopigiwa hesabu, na Seresi ilikuwa imekaa mbele yake moja kwa moja.

Ilikuwa saa saba mchana. Swali la tano lingefika saa nane na robo.

Alimkuta Mkurugenzi, Mzee Kyando, ofisini akimenya kiazi cha kuchemsha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Tuse. Karibu viazi."

"Asante, nimeshiba," alisema, na hakuwa ametia kitu mdomoni tangu asubuhi.

"Haya. Habari za nyumbani?"

"Nz—" Akanyamaza. Akashika ukingo wa meza. "Mbaya, mzee. Mdogo wangu anakufa. Wote wa Seresi wanakufa. Naomba ufunguo wa kumzuia Mjibizi asijibu."

Mzee Kyando aliweka kiazi chini. Alimsikiliza, akaangalia vipimo alivyomletea, akavua miwani na kuifuta kwa shati.

"Ukituma neno lako bila Kamati, watakufukuza."

"Ndiyo, mzee."

"Mimi watanistaafisha kabla ya siku zangu. Na kanuni ya salamu uliileta wewe mwenyewe, tukakupigia makofi."

"Ndiyo, mzee."

"Yaani mgeni anauliza hali, hata kiti hajapewa, umwambie tunakufa?"

"Ndiyo, mzee. Nadhani anauliza kwa sababu anataka kujua."

 Mzee Kyando akavuta droo, akatoa ufunguo. "Mama yangu angenichapa," alisema. "Twende."

Saa nane na robo nyuzi elfu tisini zilitetemeka. Mna hali gani? Sehemu ya Mjibizi ya kujibu ilikuwa imezimwa, taa zake nyeusi; ile ya kutafsiri tu ilibaki ikifanya kazi. Tusekile aliandika kwa mkono wake: Mbaya. Moto wenu unatuua. Akatuma kabla hajaogopa.

Neno lingechukua nusu saa kumfikia Mpitaji, na nusu saa nyingine jibu kurudi. Walisubiri saa nzima. Simu ya Kamati ililia, ikanyamaza, ikalia tena.

Jibu lilianza kwa neno moja: Tumezima.

Kipimo cha moto kilishuka kama jiwe, kikagota kwenye sifuri. Mzee Kyando alipiga meza kwa kofi. "Umemwokoa mdogo wako! Umewaokoa wote, binti yangu!" Lakini utando ulikuwa bado unatetemeka, na maneno yaliendelea kujitokeza kwenye kioo, moja moja.

Bila moto hatuwezi kusimama. Tutawapita, hatutarudi. Tulitaka kukaa karibu nanyi.

Kisha: Mara nne mlisema nzuri. Tuliwapelekea habari hiyo wanaotufuata.

"Wanaotufuata?" Mzee Kyando alinong'ona. "Hao ni nani tena?"

Maneno yakaendelea: Ni vyombo mia tatu. Njia yao ni hiihii, na wote wanaelekeza moto kwenu. Wamekwisha kuwasha, kama tulivyopatana. Neno letu litawafikia baada ya miezi saba. Tuwaambie nini?

Ile simu ikaendelea kulia. Mzee Kyando aliitazama, akaitazama kalenda ukutani, na Tusekile alijua anahesabu nini: siku kumi na nne za kikao, juu ya miezi saba, juu ya moto ambao ulikuwa umeshaanza safari.

Ujumbe mpya kutoka Seresi ukaingia. Safari hii Lugano hakusalimu.

"Dada, daktari anasema mionzi imekatika ghafla. Sijui mmefanya nini huko. Wanne wamefariki. Nimekaa nao, maana sioni tena vizuri, siwezi kwenda kazini. Enoka Chaula. Bahati Sigalla. Rehani Mbembela. Yule mpishi wetu, Zawadi Kilongo." Akapumua. "Naogopa, dada. Mwambie mama."

Tusekile alifuta uso kwa kiganja. Alikata waya wa simu ya Kamati. Mzee Kyando alivuta kiti chake na kuketi karibu naye. Kisha Tusekile akaanza kuwaandikia wale mia tatu, taratibu, bila kuruka kitu. Akaandika: Enoka Chaula alikuwa mtu. Sasa hayupo. Bahati Sigalla alikuwa mtu.