Ghati Alisema Ngoja

Respicius na mkewe Ghati waliishi kwa kupokezana. Respicius alitoka kazini saa tisa alasiri. Ghati aliingia kazini saa kumi na moja jioni. Katikati hapo walipeana mtoto, funguo za gari na habari za siku. Ulikuwa mwaka 1998. Walikuwa wamepanga nyumba ya chumba kimoja katika mji wa Hyattsville, Marekani, ghorofa ya pili, na binti yao Queen alikuwa na miezi saba.

Respicius alikuwa mtu wa Bukoba. Alifanya kazi katika nyumba ya wazee. Aliwaogesha, akawavalisha, akawalisha. Ghati, mzaliwa wa Tarime, alikunja mashuka katika chumba cha kufulia cha hoteli moja mjini Washington. Watanzania wenzao waliwasifu. Respicius hakunywa pombe. Hakuwahi kuinua mkono. Siku zake za kupumzika alipika mwenyewe. Moyoni alijiona mume mwema, na hakuona pa kulaumiwa.

Jumatatu moja alirudi kutoka kazini, akakuta begi kubwa limewekwa karibu na mlango.

"Safari ya wapi, mama Queen?"

"Mji wa Columbia, kwa dada yangu Sikujua. Nitaondoka Ijumaa na mtoto."

"Mtakaa siku ngapi?"

"Sijui."

"Nimekukosea nini?"

Ghati alimkabidhi mtoto, akavaa koti. "Nachelewa kazini," alisema, akatoka.

Respicius alikaa na mtoto magotini, akawaza. Kuna mwanamume mwingine? Hapana, Ghati hakuwa mtu wa namna hiyo. Lakini tangu Queen azaliwe mambo yalikuwa yamebadilika. Mara nyingi Ghati alilala na mtoto kwenye kochi. Akija kitandani, alijifunika hadi shingoni. Respicius akimgusa, aligeuza uso ukutani na kunyamaza. Hakusema hapana. Naye Respicius tangu ujana alikuwa amesikia kwamba kunyamaza ni kukubali.

Kesho yake asubuhi alikuwa kazini, mawazo yako mbali. Aliingia chumbani kwa mzee mmoja aliyewahi kuendesha treni, akaanza kumvua shati ili amwogeshe. Mzee hakusema kitu. Alifumba macho tu.

"Ngoja kwanza, Respi," sauti ilisema mlangoni. Alikuwa Mutai, muuguzi wa zamu, Mkenya kutoka Bomet. "Umemwuliza?"

"Hajakataa."

"Mwangalie vizuri. Amekaza taya. Ameshika shuka kwa nguvu. Mtu aliyekubali hakai hivyo." Mutai aliinama kando ya kitanda, akamwuliza mzee kama angependa kuoga sasa au baada ya chai. Mzee alifungua macho. Alisema baada ya chai. Mikono yake ikaachia shuka.

Respicius alisimama pale na shati mkononi. Akilini aliiona shingo ya Ghati, uso umegeukia ukutani.

Mchana alimkuta Mutai kwenye benchi nyuma ya jengo, anakula chakula chake. Walikuwa wamezoeana. Hata hivyo Respicius alizunguka sana kabla ya kufika kwenye neno lenyewe. Mutai alisikiliza mpaka mwisho.

"Unashangaa kwa nini anaenda," Mutai alisema. "Mimi nashangaa amevumilia miezi yote hiyo."

"Lakini ni mke wangu. Tumefunga ndoa kanisani."

"Hata mimi na mke wangu Chepkoech tulifunga kanisani. Ndoa ilinipa mke. Haikunipa mwili wake niutumie nikitaka. Kila siku ni wake, na kila siku namwuliza. Na yeye ananiuliza."

"Mtu anaulizaje jambo kama hilo? Ni aibu."

"Aibu ni kumuumiza mwenzako na hujui. Sema kwa maneno ya kawaida. Ungependa? Hivi ni sawa? Niache? Akisema ndiyo kwa moyo wake, utajua. Akisema sijui, hiyo si ndiyo. Akinyamaza, hiyo si ndiyo. Na hata akikubali, halafu katikati abadilishe mawazo, unaacha."

Respicius alitazama chini.

"Halafu usimwulize kitandani," Mutai aliendelea. "Pale atafikiri unataka kitu. Muulize mchana, mmekaa, mna nafasi. Na akikwambia hapana, usinune. Ukinuna, kesho atakupa ndiyo ya uongo ili nyumba iwe na amani. Tena, mama aliyejifungua anaweza kuwa na maumivu ambayo hajamwambia mtu. Hayo yana matibabu."

Alhamisi wote wawili hawakuwa na kazi. Respicius aliketi jikoni akimenya ndizi mbichi. Ghati alikuwa akimlisha Queen uji.

"Mama Queen, nataka kukuuliza jambo, na sitakukatiza. Tunapokutana mimi na wewe, huwa unataka?"

Kijiko cha Ghati kilisimama hewani. "Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Nimeona kwamba sijawahi kukuuliza."

Ghati alimfuta mtoto mdomo, taratibu. Alikaa kimya kitambo, na safari hii Respicius hakuupa ukimya ule maana yoyote. Alisubiri.

"Inauma," Ghati alisema. "Tangu nilipojifungua, inauma kama kidonda. Nilikwambia."

"Uliniambia lini?"

"Mtoto alikuwa na miezi miwili. Nilisema ngoja. Ukasema utakwenda polepole."

Respicius aliweka kisu mezani. Alikumbuka. Alikumbuka neno lenyewe, na alivyolipita kama mtu anayeruka kidimbwi.

"Baada ya hapo sikusema tena," Ghati aliendelea, na sauti yake ilikuwa na hasira sasa. "Shangazi aliniambia mke hana siku ya kukataa. Nawe ukanionyesha kwamba ni kweli. Basi nikawa nahesabu vigae vya dari mpaka umalize."

"Nilikukosea," Respicius alisema. "Sikujua inauma. Lakini lile neno ngoja nililisikia, na nilipaswa kuacha. Nisamehe. Sitakugusa tena bila wewe kutaka."

"Bado nitaenda Columbia."

"Nitawapeleka."

Ijumaa aliwapeleka. Hakumbembeleza njiani, wala hakumlilia shemeji yake Sikujua. Alirudi peke yake, akasafisha nyumba. Kila siku alipiga simu kumsikia mtoto, na hakuuliza wanarudi lini.

Siku ya tisa Ghati ndiye aliyepiga. "Nitarudi," alisema. "Ila nalala kwenye kochi mpaka niseme mwenyewe. Na unanisindikiza kwa daktari."

"Kochi nitalala mimi. Wewe lala kitandani na mtoto."

Daktari alikuwa mwanamke. Alimwuliza Ghati ruhusa kabla ya kila hatua ya kumpima. Aliona kwamba pale aliposhonwa wakati wa kujifungua, kovu lilikuwa limevuta ngozi. Alisema wanawake wengi hupata tatizo hilo na hulificha. Alimpa dawa ya kupaka, akampeleka kwa mtaalamu wa mazoezi ya misuli. Kwa Respicius alisema neno moja: "Subiri."

Alisubiri. Majuma yalipita. Walijifunza kukaa pamoja kwenye kochi lile lile, Ghati ameweka miguu kwenye mapaja ya mumewe, bila yeye kuogopa kitakachofuata. Walizungumza mambo waliyokuwa hawajawahi kuzungumza. Ghati alisema anachopenda na asichopenda. Mara ya kwanza alisema akiwa ameficha uso kwenye mto. Mara ya pili alimtazama.

Siku moja ya Machi alisema yuko tayari kujaribu. Baadaye kidogo akasema, "Acha." Respicius aliacha papo hapo. Alikwenda kuchemsha chai, akarudi na vikombe viwili, akamsimulia jinsi mzee wa treni alivyomshinda kwenye karata. Ghati alicheka mpaka chai ikamwagika. Juma lililofuata hakusema acha. Hakikuuma kitu.

Mwezi Mei, Jumapili alasiri, Queen alikuwa amelala. Ghati alikuja na kuketi karibu na mumewe, akamshika mkono.

"Baba Queen, leo nauliza mimi. Ungependa?"

Respicius alikuwa ametoka kufanya zamu mbili mfululizo. Mgongo ulimuuma, macho yalikuwa mazito. Alifungua kinywa kusema ndiyo, kwa sababu alikuwa amefundishwa kwamba mwanamume hakatai. Akakifunga. Akajisikiliza.

"Leo hapana, mama Queen. Nimechoka sana."

Ghati alimtazama, kisha akatabasamu. Alimvua viatu, akamletea blanketi, akaenda jikoni kuendelea na mapishi yake. Aliimba kidogo. Respicius alilala usingizi mzito, na hakuna aliyemnunia mwenzake.