Kijidudu Nambari Moja

Kila siku saa nne kamili asubuhi, matundu madogo kwenye dari za nyumba zote za Mbeya yalifunguka na kifagiahewa kikashuka. Usifikirie ufagio. Lilikuwa wingu la roboti ndogo kuliko chembe ya unga, mabilioni kwa mabilioni, zilizopita juu ya meza, chini ya kitanda, kwenye nyufa za ukuta na katikati ya vidole vya mtu, zikitafuta vijidudu na kuvipasua kimoja kimoja. Kazi yote ilichukua dakika sita. Mwenye nyumba alihisi ubaridi kidogo shingoni, kama kuna mtu amempulizia, halafu basi. Kwa miaka thelathini na moja Mbeya ilikuwa haijazika mtu wa kipindupindu wala wa homa ya matumbo, na watoto walifundishwa maneno hayo katika somo la historia.

Aliyekibuni ni Mhandisi Gwakisa Mwambungu. Tunamkuta akiwa na miaka sabini na mbili, yuko peke yake ghorofa ya arobaini, anakoroga sufuria kubwa ya uji wa mahindi.

Uji huo haukuwa wa kunywa, msimwonee huruma bure. Ulikuwa wa wiski. Fundi wa wiski alikuwa mkewe, marehemu Tusajigwe. Mahindi yaliyosagwa yalibandikwa mpaka yakaiva, yakipoa yakatiwa kimea cha ulezi, kisha yakaachwa siku tano yachachuke. Baada ya hapo uji ulikenekwa kwenye mtungi wa shaba, yaani ulichemshwa na mvuke wake ukapozwa, na kilichotoka kikalazwa miaka minne ndani ya pipa lililochomwa kwa ndani mpaka likawa jeusi. Watu wengi wangeweza kufanya hayo. Siri ya Tusajigwe ilikuwa kwenye machicha. Kabla ya kukeneka alichota kata moja ya uji uliokwisha kuchachuka, akauweka pembeni, na kata hiyo ndiyo aliyoutilia uji wa safari iliyofuata. Ukali wake ulivifukuza vijidudu vibaya na kuvikaribisha vizuri. Kwa hiyo kila uji ulikuwa na kidogo cha uji uliotangulia, na huo ulikuwa na kidogo cha uliotangulia, mpaka kurudi kwenye chungu cha kwanza alichokikoroga kabla hajaolewa.

Na alikoroga kwa mkono. Mkono mtupu, mpaka kwenye kiwiko.

"Tusa, mwiko upo," mumewe alikuwa akimwambia, roho ikimtoka.

"Mwiko hausikii joto," Tusajigwe alijibu, na kuendelea.

Lakini alimpenda, ndiyo maana mwanamume aliyefagia vijidudu vya mji mzima alimjengea mkewe kabati-kinga, kabati la kioo ambalo kifagiahewa hakikuweza kuliingia. Machicha na uji uliokuwa ukichachuka viliishi humo. Tusajigwe alipofariki, Gwakisa aliendelea na kazi kila wiki, kwa mwiko, kwa miaka minane. Yeye mwenyewe hakunywa. Mapipa yalijaa chumba cha pili mpaka mlango ukawa haufungi. Ukimuuliza kwa nini, angekwambia ni mazoea. Ukweli ni kwamba uji ukichachuka hutoa povu, na povu likipasuka lina sauti ndogo kama ya mtu anayepumua usingizini. Ukimwondoa yeye mwenyewe, humo ndani hakikuwamo kitu kingine kilichopumua. Usiku alivuta kiti karibu na kabati akasikiliza mpaka akasinzia.

Sauti nyingine ilikuwa ya Tunza. Tunza ilikuwa akili-nyumba, mashine inayosema kutoka ukutani, na kazi yake kubwa ilikuwa kuuliza. Nifunge pazia? Nipashe chai? Nikukumbushe dawa? Gwakisa alijibu "sawa, sawa" kwa yote. Jamani, nani asingejibu hivyo? Mtu akiulizwa mara sitini kwa siku, masikio huota sugu.

Jumanne moja asubuhi alikuwa anatafuta miwani yake, ambayo ilikuwa kichwani, Tunza ikauliza: "Mhandisi, ndani ya kabati-kinga kuna vijidudu visivyo na kibali. Toleo jipya la kifagiahewa linaweza kuingia humo. Nisafishe?"

"Sawa, sawa," akasema Gwakisa.

Siku ya pili uji mpya ulikuwa kimya. Siku ya tatu aliufunua akainamisha sikio. Hakuna povu, hakuna harufu kali, uji umelala tu kama tope. Alitia kata nyingine ya machicha. Kimya.

"Tunza, kabatini kumetokea nini?"

"Nilisafisha Jumanne, Mhandisi. Uliniruhusu. Niliondoa aina thelathini na nne za vijidudu. Vingi vilikuwa nambari moja."

"Nambari moja ni kitu gani?"

"Ni kijidudu cha kwanza kwenye orodha ya vifagiahewa vyote. Ulikisajili wewe mwenyewe, miaka arobaini na mitatu iliyopita. Mahali kilipotolewa: kiganja cha kulia cha Tusajigwe."

Gwakisa alikaa chini, pale pale sakafuni.

Alikuwa amesahau, lakini sasa ilimrudia yote. Mtoto wao wa kwanza, Lusajo, aliamka asubuhi anacheza, na kesho yake alfajiri wakamfunika shuka. Kipindupindu. Alikuwa na miaka miwili. Wiki hiyohiyo ya msiba Gwakisa aliapa kwamba hakuna mzazi atakayeyaona aliyoyaona yeye, akachukua pamba ili apate kijidudu cha kuanzia orodha ya mashine yake, chochote kile, na mkono uliokuwa karibu ulikuwa wa mkewe. Tusajigwe alimnyooshea kiganja bila kuuliza. Kijidudu kilichotoka pale hakikuwa na ubaya wowote. Ni kile kile kilichokuwa kikiuchachusha uji wake. Lakini orodha ilianzia hapo, na tangu vifagiahewa vilipoanza kazi, kila asubuhi saa nne mashine ya Gwakisa ilikuwa ikimtafuta Tusajigwe kwenye kila ukuta wa Mbeya, na kumfuta. Alikuwa amebaki kwenye kabati moja tu, na mlango wa kabati hilo mumewe aliufungua kwa neno moja.

"Nikupashie chai?" Tunza ikauliza.

Gwakisa alishika ukingo wa kabati akainuka.

Tusajigwe alikuwa na sharti lake kuhusu machicha: hayauzwi, na anayepewa hasemi asante. Wajibu wake ni mmoja, siku ya aliyempa yakifa, amrudishie. Na katika uhai wake aligawa kwa watu wengi. Gwakisa akavaa koti, akachukua bakuli, akaanza kubisha milango.

Ghorofa nzima hakuna aliyefungua. Siku hizo mlango ulikuwa na kioo cha picha, na sura ya mwenye nyumba ilitokea humo, akasema alichonacho, akazima. Mmoja alidhani Gwakisa anaomba chakula. Wa pili alikuwa hamjui Tusajigwe. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mama Bupe, rafiki wa marehemu wa tangu ujana, na uso wake ulipotokea kiooni Gwakisa alishtuka jinsi alivyozeeka. Milango yao ilitenganishwa na hatua ishirini tu.

"Machicha? Mzee wangu, yangu yalikufa wiki ileile tulipofungiwa vifagiahewa. Ya wote yalikufa. Tulimficha Tusa tu, tusimuumize."

"Mngeniambia mimi, ningewajengea makabati."

"Wewe?" Mama Bupe alicheka kidogo, bila ubaya. "Wewe ndiye tuliyekuwa tunakuogopa. Nani angekwambia ana vijidudu ndani?"

Gwakisa akalishusha bakuli, akageuka aondoke.

"Anayo Atuganile," Mama Bupe akasema. "Alibeba chupa siku ya msiba, nilimwona kwa macho yangu. Nenda, Mzee. Majuto ni mjukuu, lakini nenda." Kioo kikazimika.

Atuganile alikuwa binti yake, mtoto pekee aliyebaki. Siku ya msiba wa mama yake, kabla waombolezaji hawajaanza kuaga, Gwakisa aliamuru kifagiahewa kiupitie mwili, watu waushike bila hofu. Aliona ni heshima. Atuganile alipoukumbatia mwili haukuwa na harufu ya mtu, wala ya moshi, wala ya kimea. "Umemfuta mama!" alipiga kelele mbele ya watu wote. Na baba yake, kwa uchungu na aibu, alimjibu asirudi tena kumletea uchafu nyumbani kwake. Atuganile hakurudi. Ilikuwa miaka minane sasa, na kila mmoja alikuwa akingoja mwenzake aanze.

Kesho yake Gwakisa alipanda treni ya sumaku mpaka Kiwira, alikohamia binti yake. Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alibeba kilo mbili za sukari na doti ya kanga. Alivaa barakoa na glovu, maana huko milimani waliishi watu waliokataa kufungiwa vifagiahewa, na mjini waliitwa wachafu. Njiani alipishana na mbuzi, akaruka pembeni kana kwamba ameona nyoka.

Alimkuta binti yake uani, anaanika kimea kwenye jamvi. Mvi zilikuwa zimeanza kumtoka.

"Shikamoo, Baba," alisema Atuganile bila kuinuka.

"Marahaba, mwanangu."

"Nani amekufa?"

Gwakisa alitaka kusema hakuna, akashindwa. Akamweleza yote: kabati, swali la Tunza, orodha, kiganja. Atuganile alisikiliza huku vidole vyake vikitawanya kimea.

"Ukasema sawa," alisema mwishoni.

"Nikasema sawa."

"Baba, wewe hujawahi kumsikiliza mtu mpaka akamaliza. Mama alikuwa akisema hivyo anacheka. Mimi sikuweza kucheka."

"Najua. Siku ile ya msiba nilikukosea sana, na nimekaa na jambo hilo kila siku."

Atuganile aliinuka. Aliingia ndani akatoka na mtungi mdogo, akauweka kizingitini. Alipoufunua, harufu kali ikatoka, na juu yake povu lilikuwa linapasuka taratibu. Gwakisa aliijua sauti ile. Macho yakamjaa machozi.

Lakini mhandisi ni mhandisi. Mkono wake ulikwenda mfukoni wenyewe, ukatoa kisomavijidudu, chombo chenye umbo la kijiko kinachotaja kila kilicho hai ndani ya kitu. Akakichovya. Maandishi yakapita kwenye mpini.

Kijidudu nambari moja: kimo, kiko hai.

Akashusha pumzi. Maandishi yakaendelea. Chembe za ngozi: watu wawili, wote damu moja na mwenye chombo. Wa kwanza mwanamke, miaka thelathini na tisa. Wa pili mtoto wa kike, miaka sita.

Aliyasoma tena. Kisha akatazama kando ya mlango wa ua, akaona ndala ndogo mbili ambazo alikuwa amezivuka wakati anaingia.

"Anaitwa nani?"

"Tusajigwe," alisema Atuganile. "Yuko shuleni, anarudi saa nane. Wiski haigusi, usinitazame hivyo. Anapenda tu kunikandia kimea kikiwa bado kitamu."

"Anajua kama nipo?"

"Anajua ana babu Mbeya aliyetengeneza upepo. Aliniuliza kwa nini haji, nikamwambia babu anaogopa kuugua."

"Hukumdanganya," alisema Gwakisa.

Atuganile aliusogeza mtungi kwa mguu. "Haya, chukua. Na usiseme asante."

"Nikiyapeleka nyumbani, saa nne yatakufa."

"Hilo nalo nilijua." Akarudi kwenye jamvi lake.

Gwakisa aliutazama mtungi. Alimfikiria Lusajo, shuka, alfajiri ile. Hofu yake haikuwa ya kipuuzi na hakuna aliyekuwa na haki ya kumcheka. Kisha akainua mkono, akasema na saa yake.

"Tunza. Zima kifagiahewa nyumbani kwangu."

"Mhandisi," Tunza ikajibu, "itakuwa nyumba ya kwanza mjini kuzimiwa. Kwa sheria uliyoiandika wewe, mlango wako utawekwa alama nyekundu. Hutaruhusiwa kuingia kwa jirani yeyote, na hakuna jirani atakayeruhusiwa kuja kukutembelea. Utaishi peke yako. Nizime?"

Kwa mara ya kwanza alikuwa amelisikiliza swali mpaka mwisho. Alijaribu kumkumbuka jirani wa mwisho kumtembelea, akakosa.

"Zima," alisema.

Atuganile aliinua kichwa. Akamtazama baba yake, kisha akaenda kuleta kata ya maji na kipande cha sabuni. "Vua hayo maglovu unawe," alisema. "Kuna uji mpya ndani, haujakorogwa."

Gwakisa alinawa. Mkono wake ulikuwa mweupe vidoleni na umesinyaa, mkono ambao kwa miaka thelathini na moja haukuwa na kitu chochote juu yake. Akauzamisha kwenye sufuria mpaka kiwiko. Uji ulikuwa na joto.

"Saa nane bado sana?" aliuliza.

"Bado saa moja na nusu."

Akaendelea kukoroga polepole, akitafuta la kumwambia mtoto atakapoingia.