Korongo Waliosimama Kwenye Maji Marefu

Jua lilikuwa linazama tulipoingia kwenye kibanda cha matete, mimi na dada yangu, kuhesabu korongo. Ndiyo kazi yetu kila msimu ndege hawa wanapopita. Korongo hawa hawalali mtini. Hulala wamesimama mtoni, kwenye maji yasiyozidi goti, mahali peupe, ili adui akija wamsikie anavyokanyaga maji.

Nilikuwa nasali.

"Kaka, ukifika amina ndege watakuwa wameshazeeka," dada alininong'oneza.

Nilicheka. Hakuwa ametania tangu mumewe alipozama hapa mwaka jana.

Wakatua. Mia mbili na kitu. Nikashika kalamu, kisha nikaona walipotua.

Kwenye shimo. Lile lile lililommeza shemeji.

Maji yaliwafika magotini tu. Walitulia kama wamesimama sakafuni.

Juu ya nini?

Harufu ya tope bichi ikatujia, na ndani yake sabuni ya kunyolea. Sabuni ya shemeji. Ndege wote wakageuza shingo, wakatutazama. Sauti ikatoka katikati yao.

"Mke wangu... njoo. Maji ya goti tu."

Dada akainuka. "Ni yeye."

"Siye."

"Nimelala naye miaka tisa, wewe ndiye unifundishe sauti yake?" Akavua viatu.

Nikamshika mkono. Sauti ikacheka, ikashuka, ikaninong'oneza sikioni mimi peke yangu.

"Mwache aje, shemeji. Ukinyamaza, hatajua kamwe."

Mungu anisamehe. Kabla ya msimu huwa tunaingia majini na fimbo ya kupimia kina. Mwaka jana niliona uvivu kulowa. Nilikaa ukingoni, nikakisia, nikaandika "goti". Shemeji aliiamini karatasi yangu, akaingia kufyeka matete. Baada ya hapo nilifunga, nikasali, nikalia. Kusema sikusema.

Dada alikuwa ameshatia mguu majini.

"Sikupima!" nilipiga kelele. "Dada, niliandika uongo! Hapo ni kina cha watu watatu! Mimi ndiye niliyemuua mumeo!" Nikaugeukia mto. "Na wewe uliye huko chini, ushindwe! Dhambi ni yangu, nitaijibu mbele ya Mungu, si mbele yako. Humpati!"

Korongo wakaruka wote kwa pamoja. Hata mmoja hakulia.

Pale walipokuwa, kitu kipana, cheupe, kikazama polepole... polepole... kama mgongo.

Dada alinitazama. Kofi lake nililisikia mpaka kwenye meno.

"Lete fimbo," akasema.

"Dada, turudi nyumbani."

"Nimesema lete fimbo. Leo utapima."

Tulipima tukiwa ukingoni, dada kanishika mkanda kwa nyuma, mwanga ukitoroka. Kila nilichosoma aliniamuru nikitaje kwa sauti. Tulipofika usawa wa shimo, fimbo ilizama yote bila kugusa chini. Nikajaribu tena. Mara ya tatu kitu kiliishika kwa chini. Kikaivuta kidogo tu... kama mtu anayepima nguvu za mwenzake.

Nilitaka kuiachia. Dada akanisukuma pembeni, akaikamata kwa mikono miwili, akakita visigino kwenye tope.

"Vuta," aliyaambia maji. "Vuta basi. Mimi siondoki."