Kitabu Chenye Msalaba Kwenye Jalada

Mama alikuwa fundi cherehani. Alishonea katika chumba cha mbele, dirishani, penye mwanga. Nyuma, kando ya mlango wa uani, jiko la mkaa lilikaa sakafuni. Mumewe alikuwa mwashi. Alitoka alfajiri na mwiko wake, akarudi jua likizama.

Binti yao wa miaka kumi aliitwa Chiriku na mtaa mzima, kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki. Alisoma kila kilichoandikwa: mifuko ya saruji, matangazo ukutani, hata karatasi ya kufungia chumvi.

Chiriku alikuwa na kifafa. Alikunywa kidonge asubuhi na kidonge jioni. Mwaka mzima ulipita bila kuanguka.

Mama hakwenda shule utotoni. Sasa alisoma darasa la watu wazima, kwa kuunga silabi moja moja. Jumapili moja alikuta mchuuzi wa vitabu nje ya lango la kanisa. Akamnunulia Chiriku kijitabu chenye picha ya msalaba na mwanakondoo.

"Hiki ni cha dini," alisema moyoni. "Hakiwezi kuwa na neno baya."

Chiriku alikisoma mara moja, mara mbili, mara tano. Kisha akaanza kuwa kimya.

"Kitabu kimemtuliza," mama alimwambia mumewe.

Baba akacheka. "Tushukuru. Masikio yetu nayo yapate likizo."

Hazikupita wiki mbili. Alasiri moja mama alikuwa anapinda gauni. Akasikia kishindo kule nyuma, penye jiko, kisha sauti ya sufuria ikibingirika. Akakimbia. Chiriku alikuwa chini, mwili unatikisika, povu mdomoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya makaa.

Mama alimvuta huku akipiga kelele. Majirani walijaa mlangoni, lakini hakuna aliyeingia.

"Usiguse povu! Utaambukizwa!" mmoja alisema.

Mwishowe aliingia muuguzi mstaafu wa jirani. Yeye ndiye aliyetunza kabati la vitabu la kanisa, na watu walimwita Bibi Kabati.

"Kifafa hakiambukizi," alisema kwa ukali. "Mlazeni ubavu. Msimtie kitu mdomoni. Leteni maji safi!"

Aliumwagia mkono ule maji ya baridi, polepole, muda mrefu, ndoo baada ya ndoo. Mtu mmoja alileta dawa ya meno ya kupaka kwenye jeraha. Bibi Kabati akamrudisha nayo. Akafunika mkono kwa kitambaa safi, wakampeleka mtoto hospitali.

"Dawa zake anakunywa?" daktari aliuliza.

"Kila siku," mama alijibu. "Ninampa kwa mkono wangu."

Kesho yake mama alirudi nyumbani kuchukua nguo. Alipoinua mto wa Chiriku, alikuta soksi imefungwa fundo. Ndani yake vilikuwamo vidonge ishirini na viwili, vile alivyodhani mtoto amevimeza. Chini ya soksi kulikuwa na kile kijitabu.

Alikipeleka kijitabu kwa Bibi Kabati. "Nisomee, Bibi. Mimi nitachelewa."

Bibi alisoma kwa sauti. Kilikuwa kisa cha msichana mwenye kifafa. Msichana yule alitupa dawa, akasali siku tatu, hakuanguka tena. "Mwenye imani ya kweli," kitabu kilisema, "humwamini Mungu peke yake, wala hamwambii mtu."

Mama alijifunika uso kwa kanga. "Mimi ndiye niliyemletea moto mwanangu."

"Ulidanganywa, mwanangu," Bibi alisema. "Tazama. Jina la mwandishi halipo. Aliyekichapa hajulikani, wala anwani hakuna. Tutamuuliza nani? Msalaba mtu yeyote anaweza kuuchora. Kitabu kikimfundisha mtoto kuwaficha wazazi, kiogope. Kikimwambia aache dawa, kiondoe nyumbani. Tena dawa za kifafa haziachwi ghafla. Hata kuzipunguza ni kazi ya daktari."

Jioni baba aliposikia, alikusanya kila kitabu kilichokuwa ndani. "Nachoma vyote! Vitabu vimeniharibia mtoto!"

"Baba Chiriku," Bibi, aliyekuja na mama, alimwambia, "ukuta mmoja ukianguka, unaacha kujenga?"

Baba alisimama na vitabu mikononi. Kisha akaketi chini, akalia.

Hospitalini Chiriku alisema maneno machache tu. "Mama, imani yangu ilikuwa ndogo?"

"Hapana, mwanangu. Mkulima humwomba Mungu mvua, lakini jembe halitupi. Sisi tutasali, na dawa utakunywa. Na jambo lolote usinifiche."

Kidonda kilichukua miezi kupona. Vidole viwili havikunyooka tena. Chiriku alijifunza kuandika kwa mkono wa kushoto, kwa machozi.

Baba alijenga jiko la matofali, la juu, lenye ukingo. Mama hakukosa tena darasa hata siku moja. Kutoka kabati la kanisa waliazima visa vya watoto, kitabu cha sala na kitabu cha mapishi. Kila kitabu kilisomwa kwanza na mtu mzima, kisha wakakisoma pamoja. Cha mapishi Chiriku alikisomea kizingitini, maana moto aliuogopa. Mama alipika akifuata sauti yake.

"Chumvi nusu kijiko, mama. Nusu! Hicho ni kijiko kizima!"

Baba alitazama pembeni machozi yasionekane. Mdomo wa Chiriku ulikuwa unarudi.

Miezi minane ilipita bila kuanguka. Jumapili moja Bibi Kabati alimwomba Chiriku azungumze na watoto wenzake kanisani. Alisimama, akaonyesha mkono wake, akaeleza yote. Mama alikaa nyuma, roho mkononi.

Kitoto kimoja cha kike kikanyoosha kidole. "Kitabu hicho na sisi tunacho. Dada yangu wa pumu anakipenda sana."

Mama hakungoja ibada iishe. Aliuliza nyumba ni ipi, akatoka. Alifika akihema, akabisha.

"Hodi!"

"Karibu," mwanamke mmoja aliitikia, mikono imejaa povu la sabuni. "Kuna nini, dada? Mbona mbio?"

"Mwanao wa pumu yuko wapi?"

"Yumo ndani, anasoma."

"Mwite, dada yangu. Aje na kitabu chake, na dawa yake. Tukisome sote watatu."