Sapatu za Waya

Mchora ramani alifika kazini asubuhi, akakaa, akaingiza miguu kwenye sapatu zake chini ya meza, kisha akaitoa haraka. Zilikuwa na joto. Na kompyuta iliyozipa umeme ilikuwa bado haijawashwa.

Akazigusa kwa mkono. Halikuwa lile joto kavu la umeme. Lilikuwa joto la mtu aliyezivaa na kuzivua sasa hivi, na ndani kabisa, pale vidole vinapokaa, palikuwa na unyevu.

"Nani amevaa sapatu zangu?" akauliza.

"Nani avae magodoro hayo?" karani akajibu bila kugeuka. "Muulize chura wa mpima ardhi."

Chumba chao kilikuwa na baridi mwaka mzima, maana mashine kubwa ya kuchapa ramani haikupenda joto, na kiyoyozi hakikuzimwa. Ndiyo sababu kila mmoja alikuwa na kidude chake kilichochomekwa kwenye tundu la USB. Karani alikuwa na kisahani cha kupashia kikombe cha chai. Mpima ardhi alikuwa na glovu zenye waya, pamoja na chura wa plastiki ambaye kazi yake duniani ilikuwa kuwaka macho tu. Lakini sapatu za mchora ramani ndizo zilizochekwa kuliko vyote. Zilikuwa nyekundu, za manyoya, kila mguu na waya wake, na waya zenyewe fupi. Akisimama bila kukumbuka, zilimrudisha kitini.

"Mzee wetu amefungwa kamba kama mbuzi," mpima ardhi alikuwa akisema, na ofisi nzima ikicheka.

Hawakujua kwamba sapatu zile hazikuwa zake.

Mdogo wake wa kike alikuwa ng'ambo, akiuza vidude vya namna hiyo dukani. Alituma kifurushi kupitia ofisini kwa kaka yake, na juu yake akaandika: za Mama, kwa ajili ya miguu. Mama yao alikuwa na maradhi ya damu, miguu yake ikiwa baridi kama sakafu hata jua likiwaka. Mchora ramani alifungua kifurushi pale pale mezani. Akazijaribu kidogo tu, aone kama zinafanya kazi. Joto likapanda taratibu kutoka unyayoni hadi magotini, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa katika chumba kile hakusikia baridi.

Akajiambia Mama hana kompyuta, atazichomeka wapi? Alijua vizuri kwamba kichwa cha chaji ya simu kingetosha. Alikuwa navyo viwili kwenye droo. Akasema atampelekea kesho. Kesho hiyo ikawa wiki, wiki ikawa mwezi.

Jumapili moja alikuwa kwa Mama, dada mtu akapiga simu, wakaweka sauti ya wazi.

"Mama, zile sapatu nilizokutumia zinapasha?"

Mama hakuwa ameona sapatu yoyote. Akamtazama mwanawe. Mwanawe akatazama chini. Mama akaivuta miguu yake ndani ya shuka, kama kwamba aliye ng'ambo angeiona.

"Zinapasha, mwanangu," akasema. "Mpaka vidole. Mungu akuzidishie."

Simu ilipokatika Mama hakuuliza habari za sapatu. Alimuuliza tu kama ameshakula.

Siku ya kumi na tano baada ya simu ile, Mama alifariki, Mungu amrehemu. Sapatu zilikuwa bado chini ya meza ya ofisi. Na mwanawe huyo ndiye aliyemshika miguu walipomlaza.

Baada ya maziko ndipo ikaja asubuhi ile ya joto, na baada yake zikaja hatua. Zilikuja mchana, wenzake wakiwa wametoka kula. Fyap, fyap, fyap, mguu wa manyoya juu ya vigae, kisha kimya, kwa kuwa waya umefika mwisho. Akichungulia chini ya meza, sapatu zimetulia pamoja, vidole vikimwelekea yeye. Alizichomoa, akazifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akazitia kabatini na kugeuza ufunguo. Kesho yake alizikuta chini ya meza, zimechomekwa.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi? Kila alipotafuta neno la kwanza alikutana na uso wa Mama, na miguu ile inavutwa ndani ya shuka.

Siku ya nane tangu asubuhi ile wote watatu walikuwepo, mashine ya ramani imenyamaza, na harufu ikaja kwanza, harufu ya dawa ya kuchua ambayo Mama alijipaka kila jioni, na chini ya harufu hiyo nyingine, kama ya kwato iliyoungua, na karani akainua kichwa akaziba pua, na hatua zikaanza, fyap, fyap, fyap, zikafika mahali ambapo waya huishia lakini safari hii hazikusimama, zikaendelea, zikapita nyuma ya kiti cha karani, zikapita mbele ya mpima ardhi aliyekuwa ameanza kusoma dua na kuzichanganya zote, zikaizunguka meza ya mchora ramani pole pole, kwa uzito wa mtu mzima anayetafuta pa kukaa, na sauti nyembamba ikasema karibu kabisa na sikio lake, "Zinapasha, mwanangu."

"Umesikia?" karani alinong'ona.

"Nimesikia," akasema mpima ardhi. "Hebu nyamaza, dada yangu, lisije likajua tumesikia."

Karani ndiye aliyemleta fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtu wa ibada aliyejulikana kwa kusomea wagonjwa. Alikuja na utepe wa kupimia bado shingoni na kitabu cha dua mkononi. Alisoma kwa muda mrefu mbele ya zile sapatu, kisha akamgeukia mchora ramani.

"Huyu si mama yako. Mama yako yuko kwa Mola wake, ametulia. Huyu ni jini, na amejivika sauti yake. Hupenda kukaa palipofunikwa jambo. Umefunika nini, kijana wangu?"

Mchora ramani akainama. "Nilimdhulumu mtu."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenye haki. Mama ametangulia, nani mwingine amedhulumiwa?"

"Mdogo wangu."

"Mpigie sasa hivi. Ukisema kweli, huyu atatoka kwa mlango huu. Ukimdanganya, atajua amekaribishwa. Na hapa hapatamtosha tena."

Akapiga. Dada mtu akapokea mara moja, na kabla hajaambiwa neno akaanza kulia.

"Afadhali umepiga, kaka. Silali. Sikumuuguza, sikumzika. Kitu kimoja tu ndicho kinachonipa usingizi kidogo, kwamba alikufa miguu yake ina joto. Ahsante kwa kumfikishia."

Mchora ramani alifungua kinywa. Neno lilikuwepo, lilikuwa limefika kwenye meno. Alimwona karani anamtazama, na mpima ardhi, na sapatu nyekundu chini ya meza. Akaona jinsi wote watakavyomtazama dakika moja baadaye, na kila siku baada ya hapo.

"Alizipenda sana," akasema.

Fundi akafunga kitabu chake. Hakugomba. "Mungu akusitiri," akasema kwa huzuni, akatoka bila kugeuka nyuma.

Sapatu zikawa baridi pale pale. Harufu ikaondoka. Karani akashukuru kwa sauti, "Limetoka! Jamani, limetoka!" na mpima ardhi akamkumbatia kila aliyekuwa karibu. Mchora ramani akasema naye anashukuru. Akachukua mkoba akaomba ruhusa, akatembea hadi nyumbani juani, akitazama ardhi, na kila aliposimama, kitu kilisimama hatua moja baada yake.

Binti yake wa miaka minne alikuwa anacheza barazani. Akaja mbio, mikono wazi, kisha akasita. Akatazama nyuma ya baba yake. Akanyoosha gauni lake na kusimama kwa adabu, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu," ikajibiwa, na haikuwa sauti ya Mama hata kidogo.

Mchora ramani hakugeuka. Aliona aibu. Akasogea pembeni, akaacha mlango wazi ili mgeni apite.